Mabakuli Matatu, Komwe Moja

Jumatano, 22 Aprili 1987

Mvua ya masika imeanza alfajiri, na paa la chumba cha Mama linavuja pale pale palipozibwa mwaka jana. Kibibi ameweka sufuria.

Naanza daftari hili kwa sababu Dakta Mwaura, msimamizi wangu wa Chuo Kikuu, ameniandikia kwamba tarehe 31 Julai, kwa muhuri wa posta, ndiyo siku ya mwisho. Mwaka wa tano huu naandika tasnifu ya shahada ya pili huku nafundisha fizikia shule ya wasichana. Wameniongezea muda mara mbili, na mara ya tatu hakuna. Nikiiwasilisha, Nairobi kuna nafasi ya mhadhiri msaidizi inayoningoja mwezi wa Oktoba. Nisipoiwasilisha, nitachora betri na waya ubaoni mpaka nistaafu. Nina miaka thelathini na sita, nimechoka kama mtu wa sitini, na nataka kuondoka Malindi.

Nyumbani tuko watatu. Mama, aliyepooza upande wa kulia mwaka juzi, Kibibi, mke wa kaka yangu Seif, na mimi. Seif yuko Maskati kwa kazi, mwaka wa tatu sasa. Kibibi ndiye anayemuuguza Mama, na ndiye nitakayemwachia nikiondoka. Ni mwema, mkimya, na sidhani kama ana fikira nyingi.

Ijumaa, 24 Aprili

Nieleze kazi yenyewe, ili siku nitakapoichukia nikumbuke ilikuwa nini.

Nimepanga mabakuli matatu ya kaure kwa duara juu ya meza: la kwanza, la pili, la tatu. Komwe moja ya bao imo katika la kwanza. Narusha dadu. Ikitoka moja mpaka nne, komwe inasogea mbele: la kwanza kwenda la pili, la pili kwenda la tatu, la tatu kurudi la kwanza. Ikitoka tano au sita, inarudi nyuma. Naandika bakuli ilipofika, kisha narusha tena. Ni hivyo tu. Wasichana wangu wa kidato cha kwanza wangeweza.

Sasa, ukihesabu komwe imefika mara ngapi katika kila bakuli, utapata theluthi, theluthi, theluthi. Mtu akionyeshwa hesabu hiyo peke yake atasema mambo yametulia na mizani iko sawa. Haiko sawa, maana komwe inazunguka. Dadu inaisukuma upande mmoja kuliko mwingine, kwa hiyo kuna mkondo. Mizani ya kweli ni pale ambapo kati ya kila bakuli na jirani yake safari za kwenda ni nyingi sawa na za kurudi, na hapo hakuna kinachopotea. Katika mabakuli yangu, kila hatua inapoteza kitu ambacho hakirudi. Sisi wa fizikia tunakiita entropia, na kazi yangu ni kupima inazalishwa kiasi gani.

Fomula ninayo, inanipa 0.231 kwa kila hatua. Dakta anataka na marusho halisi, elfu tisa, yakatwe vipande vifupi tuone vingapi vinakwenda kinyume cha mkondo. Kompyuta ya Chuo ingeyafanya kwa dakika chache, lakini iko Nairobi na ina foleni, nami niko Malindi na mikono yangu miwili.

Jumamosi, 25 Aprili

Marusho 210. Kidole gumba kinauma.

Jumanne, 28 Aprili

Jumla 940. Jirani amechungulia dirishani, akaona dadu, komwe na daftari, akauliza kwa adabu kama napiga ramli, maana ana shida ya mume. Nilimwambia napima entropia. Akasema basi nikishapima nimwangalizie na mume.

Jumatano, 29 Aprili

Ramadhani imeanza. Sikurusha kitu.

Jumatatu, 4 Mei

Shule imefunguliwa. Vipindi thelathini na viwili kwa wiki, na madaftari mia na themanini ya kusahihisha. Nimepiga hesabu jana: mwendo huu, nitamaliza marusho mwezi wa Septemba.

Kwa hiyo asubuhi, mkoba mkononi, nimemwonyesha Kibibi. Mia na ishirini kwa siku, akishamwosha Mama. Kibibi hakwenda skuli ya serikali, alisoma chuo cha Kurani kwao Mambrui, kwa hiyo anaandika tarakimu za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto. Nilimwambia haidhuru, nitazisoma. Akaitazama dadu pale mezani kwa muda.

"Haya, wifi," alisema.

Alhamisi, 14 Mei

Mvua siku tatu mfululizo. Barabara ya kwenda shule imekuwa ziwa. Nimefundisha nguo zikiwa zimelowa mpaka magotini, saumu kichwani, wasichana wanasinzia. Nimerudi nikaliangalia daftari la Kibibi. Chini ya kila ukurasa amejumlisha mwenyewe: arobaini, arobaini, arobaini. Theluthi kamili. Nimefurahi kwa mara ya kwanza mwezi huu, nikalala na viatu.

Jumanne, 19 Mei

Mvua.

Alhamisi, 28 Mei

Idi. Kibibi amemvalisha Mama leso mpya na kumpaka wanja. Seif hakuleta hata barua. Nilisema kwa sauti kwamba Maskati wino umekwisha. Kibibi akacheka kidogo, akaenda kutazama chungu.

Jumatano, 10 Juni

Mitihani ya katikati ya muhula. Swali la tatu, wasichana arobaini wamejibu kwamba kitu kisichobadilika hakina nishati inayopita ndani yake. Nimechora mkasi, alama ya kosa, kwa kalamu nyekundu mara arobaini.

Jumamosi, 20 Juni

Mama amekaa kitako mwenyewe, bila mto, muda wa kusoma Yasini. Kibibi alilia. Mimi nilikuwa nasahihisha, nikasikia kelele, nikaja imekwisha.

Jumamosi, 4 Julai

Kibibi ametimiza siku sitini na moja. Marusho yake 7,320. Pamoja na yangu, zaidi ya elfu nane. Kesho naanza kuhesabu safari za mbele na za nyuma. Baada ya hapo ni kuandika tu. Nimeota Nairobi mchana kweupe, darasani, nikishika chaki.

Jumapili, 5 Julai

Nitaandika kwa mpangilio, kama lilivyotokea.

Nilianza asubuhi na daftari la Kibibi. Ukurasa wa kwanza: mbele sitini, nyuma sitini. Nikasema bahati. Ukurasa wa pili: sitini kwa sitini. Wa tatu, hivyo hivyo. Nikakumbuka kwamba anaandika kutoka kulia nami nilikuwa nasoma kutoka kushoto, nikafurahi kama mwehu, nikaanza upya kutoka kulia. Moja mbili tatu moja tatu mbili moja. Isome kutoka upande wowote, ni ile ile. Na nilijua, hata kabla sijafika mwisho wa mstari, kwamba kusoma kinyume kungegeuza tu mkondo uliopo. Hapa mkondo haukuwapo. Siku sitini na moja, mbele 3,660, nyuma 3,660. Entropia sifuri.

Arobaini, arobaini, arobaini kila siku, bila kukosea hata moja! Msichana wa kidato cha pili angeshtuka. Mimi nilifurahi nikalala na viatu.

Nilimkuta Kibibi uani anaanua shuka za Mama kabla mvua haijarudi.

"Wifi, dadu ulirusha?"

"Sikurusha."

"Hata mara moja?"

"Dadu ni kamari, wifi. Mie siishiki. Na ulinipa ndani ya Ramadhani."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa mlangoni, unakwenda zako. Nikaona nitaizungusha kwa mkono, kwa haki. Ikienda mbele duru moja, nairudisha nyuma duru moja, lisidhulumiwe bakuli hata moja. Nikahesabu nikaona yamelingana yote matatu, na wewe ulisema yatalingana."

Nilimwita mjinga. Nilisema miezi miwili, nilisema miaka mitano, nilisema amenizika katika mji huu. Alisimama ananisikiliza na shuka mikononi. Lau angenijibu, pengine ningenyamaza. Nikatafuta la kumuumiza, nikalipata. Nilimwambia sishangai Seif hana haraka ya kurudi.

Aliikunja shuka pembe kwa pembe, akaiweka juu ya nyingine, akaingia ndani kumlisha Mama.

Jumatatu, 6 Julai

Kibibi ameondoka. Ameacha uji wa Mama kwenye chupa ya chai na neno kwa jirani kwamba amekwenda kwao Mambrui.

Jumanne, 7 Julai

Nimeomba ruhusa shuleni ya siku mbili. Mwalimu Dena, wa kemia, mtu wa Kakuyuni, ananishikia vipindi. Nilimweleza yote. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Bi Mastura, fomula si unayo? Basi kaa kitako na kalamu, uandike marusho yako. Nani atayaona hayo mabakuli?"

"Ni uongo, Mwalimu."

"Ni uongo unaojua jibu lake."

Alasiri, Mama amelala, nilijaribu. Niliandika mistari saba ya kubuni, mbele mara nyingi, nyuma mara chache. Kisha nikaipima. Hakuna hata mahali pamoja ambapo komwe yangu ilirudi nyuma mara tatu mfululizo. Dadu hufanya hivyo kila mara. Mkono wangu uliona haya. Nikaichana karatasi, nikahisi nafuu ndogo, halafu nikakumbuka tarehe.

Alhamisi, 9 Julai

Mama hali kwangu. Anafumba mdomo. Sijui Kibibi alimlishaje.

Ijumaa, 10 Julai

Nimeona kidonda ubavuni kwa Mama, kidogo, chekundu. Siku nne! Miaka miwili hakupata hata kimoja. Shuka zinarundikana, hazikauki. Maji ya mtungi yalikwisha adhuhuri na sikujua yanajazwa saa ngapi. Kaniki ya kuzibia dirisha wakati wa mvua sijui iliko. Nilidhani nyumba hii imetulia. Nilidhani imetulia yenyewe, na mimi ndiye pekee ninayefanya kazi ndani yake.

Jumamosi, 11 Julai

Nimekwenda Mambrui kumrudisha. Jirani alikaa na Mama. Mto Sabaki umejaa, maji mekundu yanapita karibu na daraja.

Njiani nilipanga maneno. Nitaomba radhi kwanza, kisha nitasema Mama anamhitaji, kisha, asipotaka, nitamkumbusha kwamba nyumba ya mume ndiyo nyumba yake. Mama yake, Bi Shekha, alinipokea vizuri, akanipa chai. Nilimwamkia shikamoo, nikasema nimemfuata wifi yangu arudi nyumbani kwa mumewe.

"Kwa mume yupi, mwanangu?" aliuliza Bi Shekha.

Sikuelewa. Akamtazama Kibibi aliyekuwa mlangoni, akasema, "Hukuwaambia?"

Kibibi alisema hakuwaambia.

Seif alimwandikia talaka kutoka Maskati mwezi wa Januari. Barua ilifika nikiwa kazini. Kibibi alikaa eda yake chini ya paa letu, anamwosha Mama, anazibua mifereji, nami sikuona kitu. Eda ilikwisha mwanzo wa Aprili. Tangu siku hiyo hakuwa na deni lolote kwetu wala sisi haki yoyote kwake. Mabakuli nilimpa mwezi mzima baadaye, na mkoba wangu mkononi.

"Kwa nini ulikaa?" nilimuuliza.

"Mama alikuwa hajaweza kukaa kitako. Nikasema nitangoja akae."

"Seif amekuacha, nawe..."

"Seif ndiye aliyeniacha. Mama hakuniacha."

Nilimwomba radhi kwa lile la Seif, nikashindwa kulirudia, akasema amelisikia mara moja inatosha. Sikumwomba arudi. Nilikwenda kwa nia hiyo tu, na sikuwa na mdomo wa kuomba.

Aliponisindikiza barabarani aliuliza ile komwe ilitakiwa ifanye nini hasa. Nikamweleza palepale, mwavuli mmoja, juu ya matope: kwamba mabakuli kulingana haitoshi, kwamba lazima pawe na kitu kinachosukuma, na kisichukue amri ya mtu.

"Ungeniambia kura," alisema. "Karatasi sita koponi, nne za mbele, mbili za nyuma. Kura si kamari. Kura hata Mtume alipiga baina ya wakeze. Ungeniuliza, ningekwambia."

Nimefundisha fizikia miaka kumi na mbili na hilo halikunipitia akilini.

Jumanne, 14 Julai

Karatasi sita koponi. Naamka kabla ya adhana, namgeuza Mama, namwosha, namwachia jirani, nakwenda shule, narudi adhuhuri, namgeuza, nakwenda tena. Alasiri namshikia kopo, anavuta kwa mkono wa kushoto, moja moja, polepole. Leo hamsini. Nikisimama kabla hajachoka ananung'unika.

Ijumaa, 17 Julai

Kura 45. Amekula uji wote. Siri ni sukari mwishoni, si mwanzoni.

Jumatano, 22 Julai

Kidonda kinafunga. Kura jumla 430. Pamoja na marusho yangu ya Aprili, 1,370. Dakta alitaka elfu tisa. Zimebaki siku tisa. Leo nililala darasani nimesimama, na msichana mmoja akaniletea kiti.

Jumapili, 26 Julai

Kibibi amekuja saa tatu asubuhi, na kikapu cha maembe mabichi ya achari na daftari.

Alikwenda kwanza kwa Mama. Nikasikia Mama anacheka, kile kicheko chake cha upande mmoja ambacho kwangu hakijatoka hata siku moja. Akautazama ubavu, akanitazama mimi, akasema, "Umeuponya vizuri." Sikujua kama nishukuru au nijifiche.

Kisha akanipa daftari. Lilianza tarehe 6 Julai, siku aliyotoka hapa. Kura zake mwenyewe. Karatasi sita koponi, nne na mbili, anarudisha na kutikisa kila mara, siku ishirini. Jumla 4,020, kutoka kulia kwenda kushoto.

"Tangu siku ile?" nilisema. "Kabla sijakufuata?"

"Nilikuharibia. Nilikasirika nawe, lakini nilikuharibia. Sasa hesabu mbele yangu, nione kama ni sawa."

Tulihesabu pamoja mpaka alasiri, yeye anasoma, mimi naandika, mvua inapiga mabati ya jikoni. Mbele 2,671. Nyuma 1,349. Nikachukua jedwali la logi, nikazidisha, nikagawa. Sifuri nukta mbili mbili tano. Nadharia inasema mbili tatu moja. Nilimwonyesha kwa kidole. Aliniuliza kama ile tofauti ndogo ni makosa yake. Nikamwambia hapana, ile ndiyo dalili kwamba hakuna aliyeingiza mkono.

"Na daftari la kwanza, utalitupa?"

"Hapana. Litaingia sura ya nne. Ni mfano wa mabakuli yanayolingana bila mkondo. Nisingeweza kuubuni."

"Utaandika ni kosa langu?"

"Nitaandika ni langu."

Ameniambia atakaa mpaka tasnifu itoke, kisha atarudi Mambrui moja kwa moja. Wanawake wa kwao wamemwomba awafundishe watoto chuoni. Alilisema hilo huku ametazama chini, na nikaona anajaribu kuficha furaha ili asinidhuru. Nilimwambia hongera. Nilikuwa namaanisha, na papo hapo nikahesabu nani atabaki na Mama mwezi wa Oktoba.

Jumanne, 28 Julai

Kurasa kumi na nane. Kibibi ananielekeza katikati ya kupika: ubavu wa kushoto Mama hapendi, mgeuze kwa kumsukuma bega kwanza, mtungi ujazwe kabla ya jua, akifumba mdomo usimshindilie, imba. Niliuliza niimbe nini. Akasema chochote, mradi usiimbe ile ya shuleni kwako.

Alhamisi, 30 Julai

Imekwisha. Marusho na kura, jumla 5,480, si elfu tisa. Nimeeleza kwa nini, na nani alivuta, na kwa kopo gani. Dakta Mwaura aamue.

Niliwahi kumuuliza daktari wa hapa kuhusu kumpeleka Mama Nairobi. Alisema kifua chake hakitastahimili baridi ya kule. Leo nimemuuliza tena. Amesema vile vile.

Ijumaa, 31 Julai

Kibibi ameondoka baada ya kumlisha Mama. Walishikana mikono muda mrefu. Mimi na yeye tulikumbatiana kwa haraka, hatujazoea.

Nimefika posta saa nne. Bahasha kubwa ya tasnifu ikagongwa muhuri wa leo. Bahasha ya pili ilikuwa ndogo, ya idara, kuhusu ile nafasi ya Oktoba. Niliiandikia barua pale pale kaunta, kwa kalamu yao iliyofungwa kwa uzi. Nashukuru kwa nafasi. Sitaweza kuichukua. Mama yangu ni mgonjwa na hakuna mtu mwingine kwa sasa. Nikaisoma. Nikakata maneno "kwa sasa", kwa sababu ni uongo, na mwaka huu nimechoka na hesabu za kujipendeza.

Karani alipoipokea nililia, si kwa wema, kwa hasira na uchungu, mbele ya dirisha la stempu, watu wamepanga mstari nyuma yangu. Akadhani nimefiwa. Akainuka kitini, akanipa pole kwa heshima zote, na nikaipokea.